Praima ya Rajabu

Alhamisi, 1 Januari 1998

Kitabu hiki kanipa Rozalia, karani wa bandarini, baada ya kumtengenezea baiskeli yake. Kasema, "Jafari, wewe unaongea mno. Mengine yaandike, watu tupumzike." Haya, naandika. Shule niliishia darasa la tano. Siku naondoka mwalimu alitoa machozi, ya furaha.

Mimi ni fundi wa kutu, hapa Rahaleo. Gari zima sipaki, hiyo ni kazi ya wenye kompresa. Mimi napaka madoa. Ukiwa na gari Mtwara, chumvi ya bahari inakuingilia bila hodi. Leo unaona kipunje kama uwele, miezi sita mbele unapitisha kidole. Hapo katikati ndipo ulipo ugali wangu.

Leo funga ya pili. Mvua, njaa, na hakuna mteja.

Jumamosi, 3 Januari

Mvua. Redioni wanaiita elinino. Mimi naiita mama mkwe, maana imekuja na haisemi inaondoka lini.

Jumanne, 6 Januari

Kaja Rajabu na gari la mradi. Rajabu ni Myao, mimi Mmakonde, na utani wetu siyo wa kuchekeana barabarani tu, ni ule wenyewe. Mwaka juzi alikamata jogoo wangu mchana kweupe, akamla, akaniletea miguu imefungwa kwenye gazeti. Mimi nikaenda nikaanua shati lake jipya kwenye kamba, nikaswali nalo Idi, nimesimama safu ya mbele yake. Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasiriki, akikasirika kashindwa.

Ni dereva wa mradi wa visima, ofisi yao iko Shangani. Miaka saba anaendesha kwa mkataba wa muda. Gari ni Land Cruiser nyeupe, na nimehesabu madoa kumi na saba, mengi kwenye madigadi na chini ya milango. Bosi wake, Bwana Innocent, mtu wa Moshi, Jumapili moja alitaka kuona gari linavyokimbia kwenye mchanga wa Msimbati. Lilikimbia kweli. Likanywa na maji ya bahari.

Rajabu kasema, "Mmakonde, sikiliza, acha meno. Wageni wa Ulaya wanakuja mwezi wa pili. Wakiona kutu watauliza gari lao lilikuwa linachimba kisima gani baharini. Bosi kaniambia gari likiwa safi, mkataba ukiisha tarehe ishirini na nane ananiandikia ajira ya kudumu. Lisipokuwa safi, niende zangu."

"Kwa hiyo riziki yako iko kwenye msasa wangu?"

"Ndiyo maana silali."

"Myao toka lini analala? Ngoma zimekwisha?"

Kacheka kwa kupiga paja, kama kawaida yake. Ukimchekesha Rajabu unasikia kofi la paja kwanza, kicheko kinafuata nyuma.

Jumatano, 7 Januari

Nimekwangua madoa mawili kuona hali. Watu wanadhani kutu ni kile kidoa cha juu. Kidoa ni mdomo tu, tumbo liko chini ya rangi, limejilaza. Lazima ukwangue mpaka ukute bati linalong'aa pande zote, halafu siku hiyohiyo ulifunike na praima, ile rangi ya kwanza inayoshika bati. Kwa hewa yetu hii, bati tupu likilala nje, asubuhi limeota kutu jipya.

Na praima hakuna. Nimezunguka mji mzima. Barabara ya Dar imekatika, malori yamekwama Rufiji, meli haijulikani. Nimemwambia Rajabu asubiri, na vile viwili nimevipaka grisi.

Jumatatu, 12 Januari

Praima imepatikana! Meli imeingia, na Rajabu kashinda getini bandarini asubuhi tatu, na mvua yote ile, mpaka Rozalia akamkutanisha na baharia mmoja mwenye kopo la lita moja. Baharia hakutaka hela ya mradi, alitaka redio. Rajabu kampa redio yake, ile ya kusikilizia mpira.

"Sasa Simba ikifungwa utajuaje?" nimemwuliza.

"Nitakuona wewe umenuna."

Kaliweka kopo mikononi mwangu kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Jumatano, 14 Januari

Kaja Ismaili wa duka la vipuri. Anaozesha binti baada ya Idi na bibi harusi atapanda Corolla yake ya bluu. Corolla ina kutu mlango wa nyuma, boneti, na pembeni mwa taa.

"Una praima?" kaniuliza.

Mdomo ukajibu kabla sijaushauri. "Ninayo."

"Basi kazi ikiwa nzuri, hamia kwenye baraza ya duka langu. Uwanja ule wote wa pembeni ni wako. Kuna bati, hunyeshewi."

Miaka tisa napaka madoa chini ya mkorosho. Mvua ikinyesha sina kazi, jua likiwaka vumbi linakaa kwenye rangi. Baraza yenye bati!

Kopo la lita moja halitoshi magari mawili. Nimelitikisa mara kumi, kama vile likitikiswa litaongezeka.

Alhamisi, 15 Januari

Praima nimeimalizia kwenye Corolla.

La Rajabu nimelikwangua vizuri, haki ya Mungu nimelikwangua vizuri, halafu juu ya bati nimepaka mafuta ya maganda ya korosho. Mke wangu Husna anakaanga korosho za kuuza, na yale mafuta meusi yanayochuruzika kwenye maganda anayakinga kwenye kopo. Watu huku wanapaka kwenye mbao, mchwa hasogei. Mimi nimepaka kwenye mabati na baiskeli, kutu halisogei.

Husna kaniona. "Hayo hayakauki, Jafari. Yanakaa chini yanasubiri. Tazama mikono yangu."

Mikono yake ina mabaka meusi, ngozi imebabuka. Naijua.

"Kwenye baiskeli ya Rozalia yalikauka."

"Baiskeli ya Rozalia nyeusi. Ikitoa machozi nani atayaona? Hilo gari jeupe. Rajabu anajua?"

"Nitamwambia siku ya kucheka. Huyu si alikula jogoo wangu?"

"Jogoo hakuwa na mkataba," kasema, akarudi kwenye karai lake.

Jumamosi, 17 Januari

Nimepaka nyeupe mikono mitatu. Limekuwa kama yai. Hata mimi sioni madoa yalikuwa wapi.

Jumatatu, 19 Januari

Rajabu kachukua gari. Kazunguka mara mbili, kainama, kapapasa milango kwa kiganja. Nilikuwa nimeandaa utani wangu, nimwambie kwamba praima yake imekwenda kuoa kwa Ismaili. Akanishika bega akasema, "Jafari, leo sikutukani." Utani ukanikwama.

Nitamwambia Idi.

Ijumaa, 30 Januari

Idi mubarak. Rajabu kaleta sahani ya pilau na Husna kampa korosho. Tumetukanana mpaka majirani wamevuta viti. Nimehamia kwenye baraza ya Ismaili tangu juzi. Mvua ilinyesha mchana, nikaisikiliza juu ya bati, nimekaa pakavu kama mheshimiwa.

Sikumwambia. Ilikuwa sikukuu.

Jumatano, 4 Februari

Jua kali.

Jumamosi, 7 Februari

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua jioni. Nimempita Rajabu barabarani, kapiga honi. Sikuweza kuona milango, ilikuwa na matope.

Jumatano, 11 Februari

Nilikuwa napiga msasa, nikasikia breki. Rajabu kashuka, hakusalimu.

"Njoo uone."

Rangi imetunga malengelenge. Mengine yamepasuka, na kwenye kila moja umeteremka mchirizi wa kahawia mpaka chini ya mlango. Yale yale kumi na saba, kila moja na chozi lake. Kutu lilikuwa dogo, ungedhani ni vumbi. Hii unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

"Ulipaka nini, Mmakonde?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nikaitumia hivi: nikatoa meno yote, nikasema, "Nilipaka mafuta ya korosho, Myao. Praima yako nilimpaka bibi harusi."

Ukweli wote, neno kwa neno. Akapiga paja. Akacheka mpaka akashika kioo cha gari.

"We mshenzi wewe! Niambie basi, ni hii mvua au? Praima ya baharia ilikuwa imeharibika nini?"

Nikasema huenda ni mvua.

Tumekwangua pamoja, tumepaka nyeupe juu haraka haraka, maana wageni wanafika keshokutwa. Ameondoka saa kumi na moja, mikono imejaa rangi, ananitania kutoka dirishani.

Ijumaa, 13 Februari

Wageni wamefika. Nasikia walipokelewa uwanja wa ndege na jua likawaka.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeitwa ofisini Shangani.

Nimemkuta Bwana Innocent kakaa, Rajabu kasimama pembeni ya meza. Mezani kuna karatasi, na juu ya karatasi vipande vya rangi vimebanduliwa. Bosi alivikwangua mwenyewe kwa funguo, wageni walipomwuliza gari lao linaumwa ugonjwa gani. Akanisogezea.

"Nusa, fundi."

Nikanusa.

"Mimi mtu wa Moshi, lakini nina miaka minne hapa. Harufu ya korosho naijua. Rajabu anasema alikuletea praima, kopo zima, mpya. Mimi nasema ukipewa praima huwezi kupaka korosho. Mmoja wenu kaila hiyo praima. Kama alikuletea, mwizi ni wewe, na polisi siyo mbali. Kama hakukuletea, mwizi ni yeye. Sasa, alikuletea au hakukuletea?"

Rajabu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananitazama na kitabasamu. Ananijua, alijua nitaanza na mzaha, halafu nitasema. Mimi niliwaza polisi. Niliwaza Ismaili akisikia kwamba bibi harusi wake alipanda praima ya wizi, na baraza yangu, na bati. Yote hayo niliyawaza kwa muda wa kumeza mate.

Nikasema, "Bosi, fundi anapaka alicholetewa."

Rajabu akapiga paja. Akacheka, peke yake, mle ofisini. "Haya, Mmakonde, umeshachekesha. Mwambie sasa."

Bosi hakucheka. "Nimekuuliza, fundi."

"Nilipaka nilicholetewa, bosi."

Kicheko cha Rajabu hakikukatika mara moja. Kilipungua, kikabaki mdomoni bila sauti, halafu mdomo nao ukafunga. Alinitazama. Siyo kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemwita barabarani ukidhani unamjua, akageuka, ukaona siye.

"Basi, fundi, nenda," kasema bosi.

Nikaenda. Nimetembea kwa miguu kutoka Shangani mpaka nyumbani, mvua inaninyeshea, na sijamwambia mtu.

Jumanne, 17 Februari

Nimeshinda barazani, msasa sijaushika.

Jumapili, 22 Februari

Husna kaambiwa kisimani. Karudi na ndoo, kaitua, kakaa juu ya kigoda, kaniuliza swali moja tu. "Ulisema hivyo na yeye yupo?"

"Yupo."

Hakuongeza. Ningependa aongeze.

Jumamosi, 28 Februari

Mkataba umekwisha. Rajabu karudisha funguo na ile kofia ya mradi. Nimepata habari kwa Rozalia, ambaye kanieleza huku anaandika makaratasi yake, hakuinua uso.

Jumatano, 4 Machi

Leo nimekutana naye sokoni, uso kwa uso, penye mihogo. Nilikuwa nimejitayarisha. Siku zote hizi nilijitayarisha kutukanwa, hata kupigwa. Nilitaka anipige.

"Asalaam aleikum, Bwana Jafari," kasema.

"Aleikum salaam... Myao, nitukane basi."

"Nyumbani hawajambo? Shemeji Husna hajambo?"

"Hajambo."

"Mnisalimie sana." Kanipa mkono, kwa adabu, na kwa mwingine kakishika kiwiko, kama anamsalimia mkwe. Kaondoka na mihogo yake.

Miaka kumi na mbili hajawahi kuniita Bwana. Nimeitwa mbwa, nimeitwa kinyago kilichokosewa, nimeitwa mtumwa aliyerudishwa dukani. Bwana, leo ndiyo mara ya kwanza.

Jumanne, 10 Machi

Nimefikiri hivi: utani unachokozwa. Rajabu kahama mjini, karudi Madimba alikoolewa mama yake, analima mihogo. Nikapanda gari mpaka Madimba, nikavizia, nikamkamata kuku wake mtetea mwekundu, nikahakikisha jirani kaniona, nikaondoka naye kwapani nikiimba. Sasa lazima aje. Atakuja achukue hata mlango.

Ijumaa, 13 Machi

Hakuja. Kaja dada yake, Mwanaidi, kavaa baibui la safari, kashika kuku wa pili kamfunga miguu kwa kamba ya ukindu.

"Kaka kasema, Bwana Jafari kama una shida ya kitoweo useme tu, usisumbuke kuja mwenyewe na mvua hii. Huyu ni wa kuongezea, wawe wawili."

Nimemwambia, "Mwanaidi, dada yangu, huu ni utani."

"Mimi nimetumwa, sijui zaidi," kasema. Husna kamkaribisha maji, kanywa akiwa amesimama, kaenda zake.

Kuku wote wawili wako uani. Husna kagoma kuwachinja. Kila asubuhi nawapa pumba.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Baraza inavuja, upande wa kwangu.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda Shangani kwa hiari yangu. Nimevaa shati la kola. Nimemwambia Bwana Innocent: praima ililetwa. Kopo zima. Niliichukua mimi nikapaka gari la mtu mwingine. Rajabu hakuwa na kosa, na kama ni polisi, mimi hapa.

Kanitazama, kisha kacheka. Yeye ndiye aliyecheka!

"Rajabu ndiye aliyekutuma?"

"Hajanituma mtu, bosi."

"Ninyi watu wa huku na utani wenu. Ulipokuja hapa mara ya kwanza ulikuwa hivihivi, unatania. Sasa nijue lipi ni utani na lipi siyo?"

"Hili siyo."

Kaacha kucheka, kafunga faili. "Hata kama ni kweli. Barua imeshakwenda Dar. Dereva mpya nimeshapewa, yuko pale nje anaitwa Emmanueli, ana mke na watoto. Nikiandika barua nyingine, nitaonekana mimi ndiye sijui ninalofanya." Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Ila kama roho inakuuma, madoa yangu bado yapo. Njoo uyaondoe."

Jumamosi, 28 Machi

Asubuhi ya tatu getini bandarini. Mvua ya hapo haina pa kujikinga. Rozalia alinipita mara mbili kama anayepita nguzo, leo kasimama. "Unatafuta nini?"

"Praima."

Kaniangalia kutoka juu mpaka chini. Baadaye katoka kijana wa stoo na kopo, akataka saa yangu. Nimempa.

Alhamisi, 2 Aprili

Siku ya tatu niko kwenye uwanja wa ofisi ya mradi, chini ya turubai. Safari hii nimefanya inavyotakiwa, naandika ili niwe nimeandika mahali. Rangi ya kuzunguka kila doa nimeibandua upana wa kiganja, mpaka nilipofika kwenye rangi iliyoshika yenyewe. Mafuta ya korosho nimeyatoa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na matambara, tambara moja kwa doa moja, usiyahamishe. Msasa mkali, halafu msasa laini, halafu msasa wa maji. Bati likawa kama kioo, nikaona jicho langu. Nimepangusa, nimekausha kwa kitambaa, na kabla mkono haujapoa nimepaka praima. Nimesubiri siku. Nimepaka tena. Pati kidogo penye shimo. Nyeupe nne.

Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Emmanueli kaniletea soda. Kasema, "Fundi, kumbe hii kazi ni rahisi tu."

Jumapili, 5 Aprili

Madimba. Nimemkuta Rajabu anamenya mihogo pembeni ya mama yake, bibi mnene mcheshi aliyezoea kuniita mkwe mbaya. Anaumwa kifua, yuko kwenye mkeka, kanipungia mkono tu.

Nimemwambia Rajabu yote. Nimemwambia nilikwenda kwa bosi, nimesema, nimerudia madoa yote kumi na saba.

Kasikiliza mpaka mwisho. Kafuta kisu kwenye jani.

"Ahsante sana, Bwana Jafari. Umesumbuka."

"Rajabu. Nakuomba. Niite jina lolote."

"Utakunywa chai?"

Nimekunywa chai. Kanisindikiza mpaka barabarani, kasubiri mpaka nimepata gari, kamwambia konda anikalishe mbele. Hivyo ndivyo anavyosindikizwa bwana shamba.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua zimeanza kuisha. Wateja wengi. Kila gari lililolala kwenye maji linaota.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama yake Rajabu kafariki jana. Leo tumezika.

Msiba wa Wayao, watani ni sisi. Hakuna anayetuita, tunakwenda, ni kazi yetu. Tusipokwenda ni aibu kwa marehemu, kwamba kaondoka kama mtu asiye na watu. Tulikwenda Wamakonde tisa kutoka Rahaleo. Fatuma muuza vitumbua ndiye kiongozi wetu, hana mpinzani. Tulipofika tu kavaa kanga za marehemu, kajiweka matambara tumboni, kaanza kutembea vilevile alivyotembea bibi, anakohoa, anawagombeza wafiwa: "Nani kamaliza tumbaku yangu? Mmefurahi nimekufa, mnanigawa na sufuria!" Wanawake waliokuwa wanalia wakawa wanalia na kucheka, hawajui kipi kitangulie. Mwanaidi kampiga na kipande cha muhogo. Kila kitu kilikwenda kama inavyotakiwa.

Jeneza likatolewa nje. Hapo mtani anazuia njia, na wafiwa lazima wamtukane, wamsukume, wamwagie maji, ndipo apishe. Fatuma kanisukuma mgongoni. "Jafari, hii yako. Mwana wa marehemu ni mtani wako wa damu. Lala!"

Nikalala. Nimejilaza chali katikati ya uwanja, kwenye tope, mbele ya wabebaji, nikapiga kelele, "Hapiti mtu! Bibi huyu aliniahidi atanioa! Mnipe mahari yangu au nizikwe naye!"

Watu wakaanza kucheka. Wabebaji wakasimama. Rajabu alikuwa kashika mti wa mbele wa jeneza. Akampa mwenzake, akanijia. Nikafumba macho. Nilisema moyoni, sasa ananivuta mguu. Sasa ananimwagia maji. Ewe Mwenyezi Mungu, animwagie hata uji wa moto.

Nikasikia mkono umenishika chini ya kwapa, taratibu, unaniinua.

"Inuka, Bwana Jafari, utajichafua," kasema. Akanipangusa tope begani kwa kanzu yake. "Pole na safari. Mwanaidi! Mletee mgeni kiti."

Wabebaji wakatazamana. Fatuma alinitazama, akamtazama Rajabu, akaelewa, maana alishika kiuno akageuza uso. Mwanaidi kaleta kiti cha mbao chenye mto, kile kinachowekewa wageni wa mjini. Wakaniweka upande wa shehe na mwenyekiti wa kijiji. Nikakaa. Ungefanya nini?

Halafu Fatuma akajitupa yeye kwenye tope, pale pale nilipokuwa nimelala mimi. Rajabu akamrukia. Akamvuta miguu, akamwita papai bovu, akamwita kinyago cha mlevi, akatukana ukoo wake wote na kijiji walichotoka, machozi yanamtiririka, anacheka, kofi la paja nikalisikia mpaka kwenye kiti. Wakapita na jeneza.

Chakula kilipokuja, nililetewa mimi kwanza.